Tutaondoa Vituo Vyote

Siku niliyowatangazia wakulima wa korosho kwamba vituo vyao vyote vitaondolewa, nilikuwa nimevaa shati jipya jeupe. Nalikumbuka kwa jinsi lilivyoloa jasho ndani ya dakika moja.

Ilikuwa kijiji kimoja wilayani Tandahimba, mkoa wa Mtwara, wiki chache kabla ya msimu kufunguliwa. Shirika fulani la nje lilikuja kuzungumza na wanachama wa chama cha msingi cha ushirika kuhusu ubanguaji, nami nikakodiwa kuwa mkalimani. Msemaji alikuwa Mwingereza mrefu, mtu wa adabu, ila anaongea mbio kama anayewahi basi. Mpaka adhuhuri mambo yalikuwa shwari. Kisha, akifunga hotuba yake, akapandisha sauti, akatanua mikono, akasema: "And I promise you, we will pull out all the stops."

Mkalimani hapewi muda wa kutafuna. Linaloingia sikioni lazima litoke mdomoni kabla lijalo halijafika. "Stops" nilizijua, za mabasi. "Pull out" niliijua pia: kung'oa, kuondoa. Basi nami nikatanua mikono, nikapandisha sauti: "Na ninawaahidi, tutaondoa vituo vyote!"

Ukumbi ukanyamaza. Halafu ukaanza kunguruma.

Asiyeijua nchi ya korosho hawezi kupima uzito wa nilichokisema. Kwa mkulima wa Tandahimba, kituo ni pale anapofikisha magunia yake baada ya kuokota, kukausha na kuchambua. Hapo ndipo korosho zinapowekwa kwenye mizani na kupangiwa daraja, naye akapewa karatasi yake, kisha mzigo ukapelekwa ghala kuu kusubiri mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, ulizua maneno mengi, na mengine hayajaisha hadi leo. Lakini hata anayeulalamikia hataki kusikia kwamba kituo kinafungwa, maana kinachobaki baada ya hapo anakijua vizuri.

Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akasimama taratibu, akavua kofia yake.

"Mwanangu," akaniambia, "tuulizie kwa mgeni. Vituo mkishaviondoa, korosho tuzipeleke wapi? Anataka turudi kwenye kangomba?"

Kangomba ni ule ununuzi wa magendo: mtu anakuja na kipimo chake kisichojulikana serikalini, anakukuta huna ada ya mtoto, anaondoka na korosho kwa bei ya kutupa. Ukilitaja neno hilo kwenye mkutano wa wakulima, hakuna anayesinzia tena.

Nikamgeukia mgeni. Akacheka kwanza, kisha alipoona sura za watu akaacha. Akaanza kunieleza kwa mikono, anavuta kitu kisichoonekana hewani, kimoja kimoja, kama mtu anayefungua droo nyingi ndogo. Kinanda, akasema. Kile kikubwa cha kanisani.

Nikawageukia wazee. "Nisameheni, nimekosea mimi. Anasema watafanya kila njia kulifanikisha jambo hili, kwa udi na uvumba."

Pumzi zikashuka. Kutoka upande wa akina mama, sauti moja ikasema, "Hapo sawa. Ila udi wenyewe siku hizi bei! Atanunua nani?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikapata nafasi ya kujifuta jasho.

Usiku ule, nikiwa gesti, nilinunua kaunta buku dukani chini nikaanza kuandika. Kaunta buku hilo ninalo mpaka leo, limechakaa, kurasa zimejaa misemo ya Kiingereza ya juhudi na mafanikio, kila mmoja na jeraha lake. Nimegundua kwamba katika mikutano ya maendeleo ndiyo misemo inayomwagwa kwa wingi kuliko yote. Mtu akizungumzia bajeti anatumia maneno makavu. Akianza tu kuzungumzia kujituma, anahamia kwenye karakana, kwenye ulingo wa ngumi, melini, msituni.

Nianze na kinanda kilichonitoa jasho. Kinanda cha mabomba kina funguo kama vinanda vingine, lakini kando ya funguo kuna vishikio vya kuvuta, na hizo ndizo "stops" za mgeni wangu. Kila kishikio kinatawala safu yake ya mabomba. Kikiwa kimesukumwa ndani, safu ile ni bubu, hata ubonyeze funguo mpaka vidole viume. Ukikivuta, hewa inapata njia na mabomba yale yanaimba. Ukivivuta vyote, chombo kizima kinanguruma na madirisha ya kanisa yanatetemeka. Mshairi na mhakiki Matthew Arnold ndiye mmoja wa watu wa mwanzo kuutumia usemi huu kwa maana ya mafumbo, mwaka 1865, na aliutumia kwa kejeli: alimfananisha Mwingereza wa wakati wake na kinanda chenye nguvu nyingi lakini sauti finyu, akalalamika ni kazi isiyopendwa kujaribu kumvuta vishikio vichache zaidi. Kwa hiyo hata kwao usemi ulizaliwa ukiwa na mzaha ndani yake. Wahenga wangu wa kisiwa cha Mafia hawakuwa na kinanda cha namna hiyo. Walikuwa na chetezo.

Na hapa ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. "Kwa udi na uvumba" nilikuwa nimeitamka maisha yangu yote bila kunusa kitu. Udi ni mti wa harufu uliokuja kwa majahazi kutoka mbali huko Asia. Uvumba ni utomvu unaofukizwa juu ya makaa. Vinafukizwa harusini, kwenye maulidi, kwenye nyumba yenye mzazi, na pia kwa mganga, pale mtu aliyekwisha jaribu kila dawa anapoamua kuwaomba hata wasioonekana. Anayetafuta jambo kwa udi na uvumba amefika mahali ambapo nguvu za mikono peke yake hazitoshi.

Wenzetu kwa maana hiyohiyo wanasema "by hook or by crook", maneno yaliyoandikwa tangu karne ya 14. Maelezo yanayosimuliwa zaidi ni ya kuni. Misitu ilikuwa ya mabwana. Mwanakijiji hakuruhusiwa kukata mti, ila angeweza kuchukua tawi kavu kadiri atakavyolifikia kwa ndoano yake au kwa bakora ya mchungaji iliyopinda kichwa. Ukikosa kwa hiki, jaribu kwa kile, mradi shoka usilitumie. Nikimfikiria bibi kizee wa Kiingereza kwenye baridi, anavuta tawi lililokauka kwa bakora ili apikie, naona hana tofauti na mama yetu wa Tandahimba aliyeuliza udi atanunua nani. Wote wawili wanahesabu gharama.

Kuna ukurasa mzima wa chuma. "Strike while the iron is hot", Chaucer alishaiandika karne ileile ya 14, na yeyote aliyewahi kukaa karibu na mhunzi anaielewa: chuma kinatoka motoni kikiwa chekundu, kina muda mfupi tu wa kukubali nyundo, kisha kinagoma. Shuleni tulifundishwa kwamba Kiswahili chake ni "udongo uwahi ungali maji", na kwa miaka nimewasikia wakalimani wenzangu wakiitumia hiyo kwenye mikutano ya wawekezaji. Mimi naikataa. Udongo na samaki anayekunjwa angali mbichi vinazungumzia malezi. Nikimwambia mfanyabiashara "udongo uwahi ungali maji", anadhani namsengenya mwanawe. Kwa fursa inayopita, Kiswahili kina kitu kikali zaidi: "chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Mara ya kwanza nilipoitumia kwenye kikao cha mkopo wa benki, meneja aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake, na mkopaji akaacha kuchezea simu. Chuma cha moto hakingewashtua hivyo.

Si kwamba chuma hatukukijua. Wahaya wa Kagera walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita, na Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kimo. Ila methali nyingi za Kiswahili cha vitabuni zilikusanywa pwani, na pwani watu walishinda na samaki na minazi. Nina hakika Kifipa kina misemo ya tanuri ambayo ingenifaa sana, laiti ningekijua Kifipa.

Sasa kuhusu buti. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndio ukurasa ninaoupenda.

Wamarekani wana usemi wa kujiinua kwa vitanzi vya buti zako mwenyewe. Buti za zamani zilikuwa na vitanzi vya ngozi juu, vya kushikia wakati wa kuvaa. Siku hizi usemi huu hutamkwa kwa uso mkavu kabisa: kijana maskini asingoje msaada, ashike buti zake ajiinue. Nimeutafsiri kwenye mafunzo ya ujasiriamali zaidi ya mara ishirini, na kila mara kuna mtu anayetazama miguu yake. Ana haki. Jaribu: inama, shika viatu vyako, vuta juu. Huendi popote, ukivuta sana utaanguka chali.

Na hivyo ndivyo ulivyoanza, kama kichekesho. Mwaka 1834 gazeti moja la Marekani lilimdhihaki bwana aliyedai amegundua mashine ya kujiendesha milele bila nguvu yoyote kuingia. Likaandika kwamba bila shaka sasa ataweza kujivusha mto Cumberland kwa kushika vitanzi vya buti zake. Baadaye vitabu vya fizikia viliwauliza wanafunzi kwa nini mtu hawezi kujiinua kwa buti zake. Jibu lilikuwa wazi. Sijui ni wapi hasa njiani kicheko kilipodondoka, lakini ndani ya karne moja jambo lililoteuliwa kwa kuwa haliwezekani likawa ushauri.

Mafundi wa kompyuta nao wakaliokota. Mashine inapowashwa haijui lolote, hata namna ya kusoma programu zake. Hivyo kuna programu ndogo sana inayoanza, ikaita kubwa yake, nayo ikaita kubwa zaidi, mpaka mashine inaamka. Ilionekana kama mtu anayejiinua kwa buti zake, na jina likabaki. Fundi simu wa Kariakoo anapokwambia "simu yako haibuti", anataja kiatu cha Mmarekani wa mwaka 1834 bila kujua.

Na sisi tuna buti yetu. "Kaza buti!" Imetoka uwanjani na jeshini, sasa iko kila mahali: mtoto anakaribia mtihani, kaza buti, mkeo anajifungua, kaza buti, umeachwa, kaza buti. Tazama tofauti ya hizo buti mbili. Moja inavutwa juu ili mtu apae. Nyingine inafungwa kamba vizuri ili mguu usiteleze, kwa kuwa safari bado ni ndefu na ni ya chini kwa chini. Siku hizi nikifika kwenye vitanzi vya buti, nasema "kaza buti" na mgeni anatikisa kichwa akiridhika, amesikia neno "buti". Najua si alichosema. Ni kweli zaidi ya alichosema, na hilo sijawahi kumwambia mgeni yeyote.

Makosa mengine yalikuwa madogo. "Let's roll up our sleeves" niliigeuza kuwa "tufunge vibwebwe", akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akakaza kanga yake kiunoni palepale. Wanaume wakanitazama. "Na sisi tufunge nini?" aliuliza katibu wa kikundi. Nikasema masombo. Vijana hawakulijua neno. Ikabidi mzee asimame awaeleze kitambaa kile cha kiunoni cha wanaume wa zamani, na mgeni akasubiri dakika tano nzima mikono ya shati ikiwa imekunjwa.

Ila kuna msemo mmoja ambao ulinisumbua kwa namna nyingine, kwa kuwa tafsiri yake tayari ilikuwepo na kila mtu aliijua. "Go the extra mile." Utauona kwenye matangazo ya kazi: anatafutwa mfanyakazi aliye tayari kwenda maili ya ziada. Asili yake ni Mathayo sura ya 5, nasi tunayo kwenye Biblia yetu: mtu akikulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili. Soma tena neno "akikulazimisha". Askari wa Kirumi aliweza kumkamata mtu njiani, mwenyeji wa nchi, akamtwika mzigo wake. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika hapo ndicho kilichotumika tena mbele, Simoni Mkirene alipokamatwa akabebeshwa msalaba. Maili ya kwanza ilikuwa ya shuruti. Hilo ndilo linalosahaulika kwenye tangazo la kazi.

Hapa Dar es Salaam hatuhitaji kwenda Palestina ya Warumi ili kulielewa. Kariakoo yenyewe, soko ninalonunua viatu na fundi wangu wa simu anapokaa, jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nairobi wana Kariokor yao, jina lilelile kwa matamshi mengine. Nchi ilikuwa haina barabara, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, basi risasi, unga na dawa vikabebwa kwa vichwa vya watu waliochukuliwa vijijini, wengi wao bila kuulizwa. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ukipita Mtaa wa Samora utaona Sanamu la Askari, limesimama pale tangu 1927. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Kichwa kilikuwa cha mtu mwingine, isipokuwa wakati wa kubeba.

Ndiyo maana neno "maili ya ziada" linanikwama. Nililala nalo usiku mmoja, na nilichopata asubuhi ni kitenzi ambacho nilikuwa nakisikia kila siku: kujituma. Angalia kilivyoundwa. Anayetumwa na mtu mwingine, bila hiari yake, ni mtumwa. Aliyetumwa na Mungu ni mtume. Anayejituma hakutumwa na yeyote, amejituma mwenyewe. Mzizi ni ule ule mmoja, na kipande kimoja kidogo kinachoongezwa katikati, -ji-, kinatenganisha Simoni Mkirene wa maili ya kwanza na yule wa maili ya pili. Nikamwambia mgeni wangu wa wakati huo, mama mmoja Mskoti, habari hii tukiwa kwenye foleni ya Ubungo. Akaandika kwenye daftari lake. Nilijisikia vizuri mpaka tulipofika Kimara.

Upande wa kushindwa, sina shaka, Kiswahili kinawazidi. Kiingereza kinatupa taulo ulingoni. Kabla ya taulo lilikuwa sifongo. Watangazaji wetu wa ngumi wanasema "kona yake imetupa taulo", na sina ugomvi nao, taulo tumeliona kwa macho yetu pale Manzese. Lakini mwenyekiti akijiuzulu, gazeti litaandika kabwaga manyanga. Manyanga ni yale mabuyu yenye mbegu ndani anayotikisa mganga ngomani. Usiku kucha ameyatikisa, mgonjwa hapandishi, mashetani hayasemi, kumekucha. Anayabwaga chini. Taulo linatupwa na kocha kumwokoa bondia. Manyanga anayabwaga mwenyewe aliyekuwa akiyatikisa, mbele ya watu waliomlipa.

Kisha bahari. Jambo limegonga mwamba. Mambo yamekwenda mrama, na mrama ni ule mwendo wa chombo kinachoyumba ubavu kwa ubavu wakati mawimbi yanakipiga. Umeambulia patupu, yaani umerudi na mahali palipo tupu mkononi.

Na dafu. "Hakufua dafu." Watu wa bara huniuliza maana yake, nami huwapa hadithi ya baba mdogo. Kule Mafia, uani kwake palikuwa na kifuo: chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini, ncha ikitazama juu, usawa wa goti. Analishika nazi kavu kwa mikono miwili, analishusha juu ya ncha, anapinda kifundo cha mkono kidogo tu, krrr, kumbi linaachia. Mara tatu, nne, nazi iko uchi na kumbi limelala pembeni kusubiri kuzikwa matopeni liwe kamba. Alikuwa akifua huku anabishana habari za mpira. Nilipokuwa na miaka tisa hivi nikachukua dafu bichi, kwa kuwa ni jepesi kulipata, nikalishusha kwenye ncha kama nilivyomwona. Dafu bichi ganda lake limejaa maji, haliachii, linateleza. Likazunguka mkononi, likaruka, na ncha ikanichana kiganjani. Baba mdogo hakunigombeza. Alikatisha habari ya mpira, akanifunga kitambaa, akasema, "Dafu halifuliwi na kila mtu," akaendelea na nazi zake.

Alama bado iko, chini ya kidole gumba. Na nimeona kwamba usemi huu unaishi zaidi kwenye ukanushi: hafui dafu, hakufua dafu, hawatafua dafu. Nadra sana kusikia mtu akijisifu kwamba jana alifua dafu. Anayeweza kufua anaendelea kufua tu.

Kuna misemo ambayo nimeiacha ilivyo. "Roma haikujengwa siku moja" imeshakuwa yetu, ingawa sijui mtu wa Mbagala aliyewahi kuijali Roma. "Back to the drawing board" ina cheti cha kuzaliwa: katuni ya Peter Arno kwenye jarida la The New Yorker, mwaka 1941, ndege imejikita ardhini, watu wanakimbilia ajalini, na mtu mmoja anaondoka zake na michoro kwapani, akijisemea kwamba basi tena, turudi kwenye ubao wa kuchorea. Ni nzuri. Ila kwetu "turudi ubaoni" inamkumbusha kila mtu chaki na kiboko, kwa hiyo husema "tuanze upya" na kusonga mbele.

Zipo pia zilizoingia bila kupiga hodi. "Mwisho wa siku." Kila mahojiano ya redioni, kila mwanasiasa: mwisho wa siku mwananchi anataka maji. Kwa miaka kumi nimekuwa nikiwakosoa wenzangu kwa usemi huo. Mwaka jana mwanangu alinirekodi nikiongea na simu na akanichezea: nimeusema mara tatu, mara moja nikiwa naeleza habari iliyotokea asubuhi.

Safari yangu ya mwisho na yule Mwingereza wa kinanda ilikuwa mwaka uliofuata, kulekule kusini. Gari lilikuwa limeharibika, tukapanda bodaboda mbili kutoka barabara kuu kuingia kijijini, na tulipofika akataka kumhoji aliyembeba. Kijana wa miaka ishirini na kitu, fulana ya Yanga, vumbi mpaka kwenye kope. Mgeni akauliza mipango yake. Kijana akaweka helmeti juu ya tangi, akatabasamu.

"Mwambie mimi napambana tu. Nitatoboa."

Nilijua nini cha kufanya na kinanda, na buti, na maili. Sasa wa kwetu alikuwa ananitupia lake. Kutoboa: kutoka upande wa pili, kupenya ukuta, kuonekana mwanga. Neno hilo liko kwenye vijiwe vyote, kwenye vioo vya daladala, kwenye dua za mama za watoto wao. Nikatafuta. Nikapata kitu chembamba.

"He says he will make it."

Mgeni akangoja na kalamu yake. "Make what?"

Nikamgeukia kijana. "Anauliza, utatoboa nini?"

Kijana akamtazama mgeni, akanitazama mimi, akaitazama pikipiki.

"Mwambie kwanza nimalize mkataba," akasema. "Bado miezi saba. Na hesabu ya leo bado sijaipata, kwa hiyo kama hamna swali lingine, bosi, naomba niwahi stendi."